Kijazo kilichovunjika si jino lililovunjika: usitume hayo madai

Mkuu, usitume hayo madai ya bima. Kwenye swali lako umesema mgonjwa wenu alikuwa anatafuna, kijazo cha zamani cha amalgamu (mchanganyiko wa metali wa kuziba jino) kwenye gego namba 30 kikavunjika na kipande kikatoka, dokta akakiondoa chote na kuweka kijazo cha kompoziti, chenye rangi ya jino, kwenye nyuso mbili za jino. Sasa unataka kuandika S02.5XXA kama msimbo wa ugonjwa kwa sababu ndio msimbo wa kwanza kutokea ukitafuta "kuvunjika" kwenye programu. Ofisi yetu hapa Marekani iliumizwa kwa msimbo huo huo, kwa kisa kinachofanana na chako karibu neno kwa neno, na siwezi kukaa kimya.

S02.5, yaani mwanzo wa msimbo huo, ni jino lililovunjika kwa kuumia. Kwenye ICD-10-CM, orodha ya misimbo ya magonjwa inayotumika Marekani, uko katika sura ya majeraha, chini ya S02, pamoja na mivunjiko ya fuvu na mifupa ya uso. Ngumi, kuanguka, ajali ya gari, kupigwa na mpira mdomoni: huko ndiko kwake. Mgonjwa wako hakupigwa na mtu. Na kilichovunjika si jino lake, ni kitu alichowekewa na daktari. Kiraka kikibanduka kwenye suruali huendi kutangaza kwamba suruali imechanika.

Sikiliza kilichotokea kwetu. Madai yalitoka na S02.5XXA. Bima ya meno ikaona jeraha, ikasimamisha malipo na kuanza kuuliza: ajali ilitokea lini, wapi, kazini au barabarani, kuna mwingine anayepaswa kulipa? Fomu ya madai ya ADA, chama cha madaktari wa meno wa Marekani, ina kisanduku namba 45 kinachouliza kama matibabu yametokana na kazi, gari au ajali nyingine, na namba 46 cha tarehe ya ajali. Vyetu vilikuwa vitupu, na ni sawa, maana ajali haikuwepo. Kwa hiyo karatasi moja ilikuwa inasema mtu ameumia na papo hapo inasema hakuumia. Mgonjwa akapelekewa barua ya kumtaka aeleze ajali yake. Mama wa watu alipiga simu ofisini ana hofu, anadhani kuna mtu amemzulia jambo.

Kisha bima ya meno ikasema, kama ni jeraha, pelekeni kwanza bima ya matibabu. Tukapeleka. Ile ya matibabu ikakataa, kwa sababu sera yake ilisema wazi kwamba meno yaliyoharibika kwa kutafuna au kuuma si ajali. Sera za namna hiyo ni nyingi, mkuu, ukizisoma utaona. Tukarudi bima ya meno na msimbo uliosahihishwa, tukaambiwa muda wa kuwasilisha umeisha. Na kwa kuwa ofisi ilikuwa ndani ya mtandao wao wa madaktari wenye mkataba, mkataba ulikataza kumbebesha mgonjwa gharama iliyokataliwa kwa kuchelewa. Kazi ya dokta, vifaa, saa za watu kwenye simu, vyote vilipotea. Mgonjwa naye akahamia kwingine, na simlaumu hata kidogo.

Aliyetufundisha kutumia S02.5 hivyo ni mkufunzi aliyeletwa wakati ofisi inabadilisha programu. Alisimama mbele yetu akasema chochote kilichovunjika mdomoni ni S02.5, na kwamba msimbo wa ugonjwa kwenye madai ya meno ni pambo tu kwa kuwa bima ya meno inalipa kwa CDT, yaani misimbo ya tiba za meno. Nusu ya maneno hayo ni kweli, na ndiyo iliyotudanganya. Ni kweli mipango mingi ya meno haidai msimbo wa ugonjwa. Lakini ukishauandika, umeshatoa taarifa kuhusu mwili wa mtu kwa jina la daktari, na bima itaisoma kama ilivyo. Mtu anayelipwa kufundisha watu kazi hii halafu anaita taarifa hiyo pambo hana haki ya kusimama mbele ya darasa. Nina hasira naye mpaka leo.

Kanuni yangu ni moja: kabla hujagusa msimbo wowote, fungua chati, rekodi ya mgonjwa, usome kilichovunjika ni nini. Usisome jina la miadi wala alichoandika mtu wa mapokezi, soma alichoandika dokta. Kama ameandika "imevunjika #30" bila kusema ni nini kimevunjika, mrudishie aongeze mwenyewe. Usimwandikie na usikisie.

Kikiwa ni kijazo, uko K08.53, na hapo usiishie kwenye tarakimu hizo maana msimbo haujakamilika. K08.530 ni kilichovunjika bila kupoteza kitu, K08.531 ni kilichovunjika na kupoteza sehemu yake, K08.539 ni pale chati haisemi. Kwa maelezo yako wewe ni K08.531, ilimradi dokta ameandika kwamba kipande kilitoka. Hiyo 539 watu wanaikimbilia kwa uvivu wa kumwuliza dokta, na hilo linanikera karibu kama lile la mkufunzi. Jino lenyewe likiwa na ufa, hiyo ni K03.81, habari nyingine kabisa. ICD yenyewe, chini ya K08.53, inakataza kuuchanganya na K03.81 au S02.5, kwa hiyo usijaribu kuandika yote ili moja lishike.

Kwenye fomu, kisanduku 34 andika AB (maana yake misimbo ni ya ICD-10), K08.531 ikae 34a kwenye A, halafu 29a kwenye mstari wa matibabu uandike A. Tiba yenyewe ni D2392. Nimeona mtu amekushauri D2980. Huo ni ukarabati wa krauni, yaani kofia ya jino, na wewe huna krauni hapo.

Jambo jingine linanitia wasiwasi kwenye ujumbe wako: umesema mwenzako amekuambia uongeze K02, msimbo wa uozo wa jino, "ili wasikatae". Kama dokta alikuta uozo chini ya kijazo na ameuandika, iweke, na uchague kwa kina chake, maana uozo uliofika kwenye dentini, tabaka la chini ya ngozi ngumu ya nje ya jino, haulingani na uliofika kwenye kiini cha jino. Kama hakuukuta, usiiweke. Huo ni ugonjwa wa uongo kwenye rekodi ya mtu, na bima ikiomba eksirei itaona hakuna kitu. Wala msimbo wa ugonjwa hauondoi kikomo cha kubadilisha kijazo. Kama mpango unataka miaka fulani ipite, itahesabiwa vilevile. Mapema kabla ya kutuma, piga simu uulize kijazo cha zamani kilishalipiwa lini, na umwambie mgonjwa jibu lake.

Wewe sasa hivi rudisha chati kwa dokta, aandike kilichovunjika na kilichopotea, na picha ya kabla hajakiondoa iambatanishwe kama ipo.