Watoto wa kituoni wananyamaza wakiitwa kusoma

Dada, umeuliza kwa nini watoto wako 25 wa darasa la 3 hadi la 5 huinamisha vichwa wakiambiwa wasome kwa sauti. Mara nyingi si aibu, ni maandishi yaliyowazidi. Mpime kila mmoja peke yake, dakika 3 zinatosha: herufi, silabi, maneno, aya fupi. Anapokwama ndipo kundi lake lilipo, hata kama ni wa la 5 (mzazi atanuna, mweleze). Anayesoma "mbwa" kama "bwa" hahitaji "ba be bi". Mpe mba, nda, ng'o, mbwe. Wasome kwanza wawiliwawili, kwa kunong'ona, ndipo wasimame mbele. Akikwama, hesabu kimoyomoyo hadi 5 kabla ya kumsaidia. Wapime tena baada ya wiki 6, uwahamishe makundi.