Alan Wake 2: itabebwa na kompyuta gani, na inachezwaje

Mkuu wa Nyegezi, umeuliza kama kadi yako ya picha ya GTX 1060 itaibeba gemu ya kutisha ya Alan Wake 2, na kwa nini wengine wanaiita sinema.

Kuwaka itawaka, lakini usinunue gemu kwa kuitegemea kadi hiyo. Remedy wa Ufini waliitoa Oktoba 2023 ikitumia mesh sheda, njia mpya ya kuchora picha ambayo kadi za GTX 10 hazina. Sasisho la Machi 2024 lilizipa nafuu, ila kiwango cha chini rasmi gemu ilipotoka kilikuwa kadi ya RTX 2060 au RX 6600, VRAM (kumbukumbu ya kadi) GB 6, RAM GB 16 na nafasi ya GB 90 kwenye SSD. Hapo unapata 1080p, picha za chini, fremu 30 kwa sekunde, tena DLSS au FSR (zinazokuza picha ndogo ili kupunguzia kadi mzigo) ikiwa imewashwa.

GB 90 kwa intaneti ya Mbps 10 ni saa 20 mfululizo. Shusha kwa awamu usiku. Umeme ukikatika, programu ya Epic, duka la mtandaoni la gemu hii kwa kompyuta, huendelea ilipoishia. Mwenye PS5 atafute diski ya Deluxe ya Oktoba 2024. PS4 haimo kabisa, muuza CD asikudanganye.

Sasa mchezo wenyewe. Unacheza wahusika wawili: Saga, mpelelezi wa FBI, na Alan, mwandishi wa riwaya. Adui wa Saga amevaa giza, kwa hiyo risasi za mwanzo ni hasara. Mkazie tochi mpaka giza lipasuke, ndipo upige. Kila mkazo unakula chaji ya betri, na wageni wengi huzimaliza kwa adui wa kwanza kisha wanabaki kukimbia. Kwa Alan ni kinyume: vivuli vingi vinanong'ona tu jina lake na kupita. Usivimulike vyote, subiri kitakachokujia. Ukifika chumba cha mapumziko, hifadhi kwa chupa ya chai (wao wameweka kahawa) kabla umeme haujakufanyia yake.

Kuhusu sinema, waliosema hawajatia chumvi. Waigizaji halisi wanarekodiwa na picha zao kuwekwa juu ya dunia ya gemu. Sehemu ya "We Sing" unatembea jukwaani katikati ya skrini kubwa huku maisha ya Alan yakiimbwa kwa roki. Bendi ya ndani ya gemu inaitwa Old Gods of Asgard, wanaopiga kweli ni Poets of the Fall. Kuna jumba la sinema lenye filamu fupi ya Kifini. Keti uitazame, usikimbilie mlango. Na kurasa za riwaya unazookota zisome, maana zinataja mambo kabla hayajatokea. Anayetaka kufyatua risasi tu atachoka mapema, na sitamlaumu.

Ziwa la Cauldron la ndani ya gemu si Nyanza yetu, sangara hakuna. Cheza jua likishazama, maana mwanga wa dirishani mchana utakulazimisha kuongeza mng'ao na giza litageuka kijivu. Vaa hedifoni. Zile sura zinazoruka ghafla zikikuzidi, kwenye mipangilio unaweza kupunguza ukali na sauti yake.