Maswali na Majibu: Intaneti ina kasi, torenti inatambaa

Barua zenu za mwezi huu zimejaa torenti: mafaili makubwa yanayogawanywa na watumiaji wenyewe, kila mmoja akimpa mwenzake vipande alivyonavyo. Majibu haya tumeyapima kwa programu ya qBittorrent. Ukitumia Transmission au Deluge utakuta mingi ya mipangilio hii, ila imewekwa kwenye menyu tofauti.

Swali: Nalipia kifurushi cha megabiti 20 kwa sekunde, lakini torenti haijawahi kuvuka 2.4. Nani ananiibia?

Hakuna anayekuibia. Kampuni za intaneti huuza kasi kwa biti, na programu ya torenti huionyesha kwa baiti. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo 20 ukigawa kwa 8 unapata megabaiti 2.5 kwa sekunde. Hicho kidogo kilichopungua kimeliwa na anwani na maelezo yanayobandikwa kwenye kila pakiti ya data. Umeshagonga dari. Usiguse kitu, maana mtu akianza kupekua mipangilio akiwa kwenye 2.4 mara nyingi huishia 1.8.

Swali: Torenti moja inakwenda mbio, nyingine imeganda kwenye asilimia 97.3 siku ya nne sasa. Nibadilishe ruta?

Ruta haihusiki. Ingekuwa ndiyo mbovu, ile ya kwanza nayo isingekwenda. Bofya torenti iliyoganda, kisha kwenye maelezo yake tafuta namba iliyoandikwa Availability. Hiyo inakuambia ni nakala ngapi kamili za faili zilizopo kati ya watu wote uliounganishwa nao. Ikiwa 3.2, kuna nakala tatu na ziada. Ikiwa 0.973, basi hata mkikusanya vipande vya kila mmoja wenu faili halitimii: wote mmekwama palepale mkimsubiri mwenye vipande vilivyobaki awashe kompyuta yake.

Kabla ya kulaumu mtandao wa nyumbani, pima kwa torenti yenye watu tele. Debian na Ubuntu hutoa torenti rasmi za mifumo yao na zile za matoleo mapya kwa kawaida zina mamia ya watu wenye faili zima. Hiyo ikijaza kifurushi chako, nyumbani kwako hakuna tatizo. Ikitambaa nayo, endelea kusoma.

Swali: Nikiwasha torenti nyumba nzima inalalamika. Video zinakwama, simu za intaneti zinakatika, na cha ajabu torenti yenyewe haifiki hata robo ya kasi. Kupakua nina megabiti 50, kupakia 4.

Hili ndilo tatizo tunaloandikiwa kuliko yote, na mkosaji ni hizo 4, wala si 50. Kwa kila pakiti mbili unazopokea, kompyuta yako hurudisha pakiti ndogo ya kukiri kwamba mzigo umefika. Kupakua kwa megabiti 50 kunahitaji karibu megabiti 0.9 za kukiri tu, yaani karibu robo ya njia yako yote ya kutokea. Sasa torenti, ikiachwa bila kikomo, huijaza njia hiyo yote kwa vipande inavyowapa wengine. Pakiti za kukiri zinakaa foleni, anayekutumia data anaona kimya, anadhani njia imeziba, anapunguza mwendo. Ndiyo maana upakuaji unaporomoka ilhali una nafasi tele.

Foleni hiyo iko ndani ya ruta au modemu. Megabiti 4 ni kilobaiti 500 kwa sekunde. Ruta yenye uwezo wa kushikilia kilobaiti 500 zikisubiri kutoka, ikijaa, kila pakiti mpya inasubiri sekunde nzima, iwe ya torenti au ya simu ya mama sebuleni. Jithibitishie mwenyewe: fungua dirisha la amri, andika ping 1.1.1.1, utazame milisekunde torenti ikiwa imezimwa, kisha ikiwa imewashwa. Zikipanda kutoka 30 hadi mamia, mgonjwa umempata.

Tiba ni kuweka kikomo cha kupakia. Pima kwanza kasi yako halisi ya kupakia, torenti ikiwa imezimwa na watu wengine wametulia, mara tatu kwa saa tofauti. Chukua namba ya chini kati ya hizo. Wengi hushauri asilimia 80 yake, lakini kwa njia nyembamba kama yako tungeanza na 75: megabiti 3, yaani kilobaiti 375 kwa sekunde. Nenda Tools, Options, kisha Speed, na kwenye kikomo cha kupakia andika 365, kwa kuwa programu hii huhesabu kilobaiti kwa 1024. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wanaandika 3000 wakifikiria kilobiti, kikomo kinakuwa kikubwa kuliko njia yenyewe, halafu wanasema ushauri haufanyi kazi. Weka tiki pia kwenye chaguo la kuhesabu mzigo wa ziada wa usafirishaji ndani ya kikomo. Rudia ping. Ikiwa bado inapanda, shusha kikomo kwa 30, pima tena.

Lakini usiende upande wa pili ukaweka 5. Torenti ni nipe nikupe, na si kwa maana ya maneno matamu: kila sekunde 10 programu ya mwenzako huangalia nani anamlipa vizuri na kuwafungulia hao wachache, wengine inawabania. Kila sekunde 30 humjaribu mmoja kwa bahati nasibu. Asiyetoa kitu anabaki kuishi kwa bahati nasibu hiyo na ukarimu wa waliokwisha kumaliza faili. Kwa sababu hiyohiyo, usigawe vijipande: kilobaiti 365 kwa nafasi 4 za kupakia (watu unaowapa kwa wakati mmoja) ni karibu 91 kwa kila mtu, na hapo unaonekana mwenza wa maana. Kwa nafasi 30 ni 12, na hakuna atakayekuhangaikia.

Ruta ikiwa na OpenWrt, mfumo huria wa kuendeshea ruta, kuna dawa bora zaidi: SQM, kisimamizi cha foleni za pakiti, yenye utaratibu wa foleni uitwao CAKE. Uwekee asilimia 85 hadi 90 ya kasi uliyopima pande zote mbili, nao utazigawa pakiti kwa haki hata torenti ikifurukuta namna gani. Ila kazi hiyo inakula prosesa. Ruta ndogo ya zamani kwenye kifurushi cha megabiti 300 itachoka kabla ya njia kujaa.

Swali: Alama ya muunganisho chini ya programu haiwi ya kijani, na nikiielekezea kishale inasema fayawoli. Nimeizima fayawoli ya kompyuta, bado. Nifanyeje?

Iwashe kwanza hiyo fayawoli, ndiyo mlinzi anayechuja miunganisho inayoingia. Ujumbe una maana kwamba wewe unaweza kuwabishia hodi wengine, ila hakuna anayeweza kukubishia wewe. Torenti bado itakwenda, lakini wenza wenye poti (mlango wenye namba ambao programu hupokelea miunganisho) zilizofungwa kama yako kwa kawaida hamtakutana, na kwenye torenti yenye watu wachache hiyo ndiyo tofauti kati ya kupakua na kusubiri.

Chagua poti moja kati ya 49152 na 65535, uiandike kwenye Connection, na kama toleo lako lina tiki ya kubadilisha poti kila programu inapowashwa, uiondoe. Epuka 6881 hadi 6889, zile za asili za BitTorrent, kwa kuwa zinajulikana mno na ni rahisi kubanwa. Halafu ingia kwenye ruta, sehemu ya DHCP inayogawa anwani kwa vifaa vya nyumbani, uifungie kompyuta yako anwani isiyobadilika, mfano 192.168.1.50. Ukiruka hatua hii kila kitu kitafanya kazi mpaka siku umeme utakapokatika: ruta itaipa kompyuta anwani nyingine, na poti itabaki ikielekeza kwa televisheni. Sasa elekeza poti uliyochagua kwenye anwani hiyo, kwa TCP na UDP, njia mbili za kusafirisha data, zote mbili. Wengi hufungua TCP peke yake, kumbe sehemu kubwa ya torenti za leo hupita UDP, pamoja na DHT, ile daftari ya pamoja inayokutafutia wenza bila seva. Mwisho, iruhusu programu kwenye fayawoli ya kompyuta. Kwenye Windows angalia kama mtandao wa nyumbani umeandikwa wa umma: ukiwa hivyo, ruhusa uliyotoa kwa mtandao binafsi haitumiki.

Unapopima poti, programu iwe imewashwa. Poti isiyo na programu inayoisikiliza huonekana imefungwa hata kama ruta umeipanga sawasawa.

UPnP, utaratibu unaoruhusu vifaa kuiomba ruta iwafungulie poti, hufanya karibu yote haya yenyewe. Shida yake ni kwamba kifaa chochote ndani ya nyumba, hata kamera ya bei rahisi yenye programu mbovu, kinaweza kujifungulia mlango bila kukuuliza. Tunapendelea poti moja iliyofunguliwa kwa mkono, UPnP ikiwa imezimwa.

Umefanya yote na bado imegoma? Linganisha anwani ya nje inayoonekana ndani ya ruta na ile ambayo tovuti za kukuonyesha IP yako zinakuambia. Zikiwa tofauti, kuna ruta nyingine mbele yako. Anwani inayoanza na 192.168 au 10 mara nyingi ni modemu ya mtoa huduma inayojifanya ruta pia: mwombe aiweke kwenye hali ya daraja ili ruta yako ishike anwani ya nje moja kwa moja. Anwani kati ya 100.64 na 100.127 ni jambo lingine. Hapo mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na hakuna kitufe nyumbani kwako kitakachofungua poti. Dai anwani ya umma, ambayo wengine huitoza ada, au uliza kama wana IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti. Ukiwa na IPv6 kila kifaa kina anwani yake ya dunia na hakuna cha kuelekeza, ila fayawoli ya ruta bado inahitaji kuruhusu ile poti.

Utajuaje umefaulu? Torenti ikiwa inakwenda, fungua orodha ya wenza na usome safu ya herufi, Flags. I kubwa ni mtu aliyekuja kwako mwenyewe. Ukiziona hizo, poti iko wazi, kipimo kingine hakina haja. D kubwa ni unayepakua kwake sasa, na d ndogo ni aliyekubania: unataka vipande vyake, yeye hajakufungulia. Orodha yenye d ndogo tupu hukurudisha kwenye swali lililotangulia, la unachotoa.

Swali: Rafiki kaniambia niongeze idadi ya miunganisho hadi 5000. Tangu hapo ruta inajizima na kujiwasha kila jioni.

Rudisha ilivyokuwa. Chaguo-msingi la qBittorrent ni 500 kwa jumla na 100 kwa torenti moja, na ruta dhaifu haiwezi hata hizo. Ruta huandika kila mazungumzo kwenye jedwali lake, na la ruta ya kawaida lina nafasi elfu chache. DHT nayo inaongeza mistari kwa kasi, kwa kuwa kila swali fupi la UDP linashika nafasi yake kwa muda hata baada ya kujibiwa. Jedwali likijaa, tovuti zinagoma kufunguka ilhali torenti inaendelea, kisha ruta inazirai. Jaribu 200 kwa jumla, 60 kwa torenti, na torenti tatu tu zinazopakua kwa wakati mmoja. Wenza 40 wanaokufungulia wanatosha kujaza karibu kifurushi chochote cha nyumbani.

Swali: Kifurushi ni megabiti 200, nimeunganisha kwa kebo, lakini kasi haivuki megabaiti 11.7 hata siku moja.

Kasi inayoganda kwenye namba ileile kila siku ni zawadi kwa fundi. 11.7 mara 8 ni karibu 94, na hiyo ni kebo inayofanya kazi kwa megabiti 100. Gigabiti inahitaji nyaya zote 8 zilizomo ndani ya kebo. 100 inaridhika na 4. Waya mmoja ukikatika au kichwa kikibanwa vibaya, vifaa vinashuka hadi 100 kimyakimya. Angalia kasi ya muunganisho kwenye mipangilio ya kadi ya mtandao, kisha badilisha kebo kwa Cat5e isiyozidi mita 100. Ikibaki 100, soma maelezo ya ruta: nyingi zina matundu ya 100 tu.

Kwa wa Wi-Fi: hamia 5 GHz ukiwa karibu na ruta. Kwenye 2.4 GHz, tumia chaneli 1, 6 au 11 pekee, maana za katikati zinagongana na jirani wa pande zote mbili. Kifaa cha kurudisha mawimbi kinachopokea na kutuma kwa chaneli moja hukata kasi karibu nusu.

Swali: Kasi inapanda, inashuka hadi sifuri, inapanda tena. Na faili moja limekataa kabisa kwenye gigabaiti 4. Nahifadhi kwenye diski ya nje.

Ni magonjwa mawili. La pili ni FAT32: mfumo huo haupokei faili la gigabaiti 4 au zaidi. Hamisha vilivyomo, kisha ufomati diski upya kwa exFAT. Kupanda na kushuka ni diski inayoshindwa kuandika vipande vinavyofika bila mpangilio. Pakulia kwenye diski ya ndani, na uiambie programu ihamishie ya nje faili likikamilika.

Swali: Je, nilazimishe usimbaji (kuficha data ya torenti isitambulike njiani) ili kampuni ya intaneti isinibane?

Uruhusu, usiulazimishe. Mwaka 2007 iligundulika kwamba Comcast ya Marekani ilikuwa ikikatisha miunganisho ya BitTorrent ya wateja wake, na tangu hapo watu huuona usimbaji kama dawa ya kila kitu. Ukiulazimisha unawakataa wenza wote wasioutumia. VPN nayo, huduma inayopitisha data yako kwenye seva yake, isipokuwa inakupa poti ya kuelekeza, inakurudisha kwenye ile alama isiyo ya kijani.