Maswali ya Wasomaji: Shati la flaneli, kazi ya msituni na bastola kiunoni

SWALI: Ndugu Mhariri, naishi Lewiston, katika jimbo la Maine nchini Marekani, na nina kibali cha ukaazi wa kudumu. Nimeajiriwa katika kazi ya kukata miti na kupasua kuni, nje, mwaka mzima. Wenzangu karibu wote huvaa mashati mazito ya flaneli yenye drafti, na baadhi yao hubeba bastola iliyofichwa chini ya shati hilo hilo. Dukani nimeyaona mashati yaliyoshonwa mahususi kwa ajili hiyo, yenye vishikizo vya kubonyeza, na bei yake imechangamka. Je, yana nini ambacho mashati mengine hayana, na moja linaweza kunitosha kwa kazi na kwa hilo lingine? (Msomaji, Lewiston)

JIBU: Ndugu msomaji, moja halitakutosha. Shati linaloficha vizuri ni pana, ni refu, huachwa wazi mbele na kuning'inia chini ya mkanda. Shati linalofaa kando ya mashine ya kusaga matawi ni lile lililofungwa vifungo vyote, likachomekwa ndani ya suruali, na mikono yake ikabanwa kwenye kifundo cha mkono, karibu na kiganja. Mashine ile ikidaka pindo linaloning'inia haiachii, bali humvuta na mwenye shati. Tangazo la duka lenye picha ya mtu aliyeegemea gogo, shati wazi, shoka begani, halina sababu ya kukueleza hayo.

Hayo uliyoyaona dukani si ya ajabu. Vifungo unavyoviona mbele ni pambo tu. Chini yake mna vishikizo vya chuma vinavyoachia kwa mvuto mmoja, ili mkono uifikie bastola upesi. Pindo la chini limekatwa moja kwa moja badala ya kupinda juu ubavuni, kwa kuwa ubavuni ndipo wengi wanapoiweka. Kitambaa ni kizito, hivyo hakigandi mwilini na kuchora umbo la kilicho chini yake, nazo drafti huyapoteza macho kwa namna ambayo rangi moja haiwezi. Lakini sifa hizi, ukiondoa vishikizo, unazipata katika shati lolote zito la drafti lenye pindo lililonyooka, lililozidi kipimo chako kwa namba moja, likavaliwa wazi juu ya fulana. (Na neno fulana lenyewe lina asili moja na flaneli, ingawa leo nguo hizo mbili hazifanani hata kidogo.) Nisingelipia zaidi kwa ajili ya vishikizo.

Jambo ambalo ningelilipia ni mkoba mgumu wa bastola unaofunika kifyatulio chote, pamoja na mkanda imara wa kuushikilia. Mfuko wa shati, hata ule wa ndani wenye zipu, si mahali pa bastola. Na shati refu lina hatari yake: unaporudisha bastola mkobani, pindo au kamba ya koti ikiingia pamoja nayo inaweza kunasa kwenye kifyatulio na kuifyatua. Livute shati pembeni kwa mkono wa pili, utazame, kisha urudishe polepole.

Kuhusu kitambaa cha kazini, hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Flaneli ya kale, ile iliyosifika huko Wales, ilikuwa ya sufu. Nyingi ya siku hizi ni pamba iliyokwaruzwa kwa brashi za waya hadi ikaota vinyweleo, na vinyweleo hivyo ndivyo vinavyoshika hewa na kuleta joto. Pamba hiyo ni nzuri mpaka ilowe. Ikishanyonya jasho la asubuhi au theluji iliyoyeyuka, vinyweleo hulala, hewa hutoka, na mtu aliyepumzika dakika kumi huanza kutetemeka. Sufu hulowa pia, lakini huendelea kushika joto kwa kiasi kikubwa, na cheche ikiiangukia haishiki moto kwa urahisi kama pamba. Ndiyo maana wakata miti wa zamani wa Marekani waliipenda: kampuni ya Woolrich, iliyoanzishwa Pennsylvania mwaka 1830, imejulikana tangu 1850 kwa shati la sufu la drafti nyekundu na nyeusi.

Uzito nao uangalie. Wamarekani huupima kwa wakia za yadi moja ya mraba: wakia 5, yaani gramu 170 hivi kwa mita ya mraba, ni shati la ndani, wakia 8, takriban gramu 270, ni la kazi. Kisha inua mikono yote miwili dukani bila haya. Shati likipanda hadi kitovuni, halina kile kipande cha kwapani ambacho mafundi wa kanzu hukiita kikwapa, na litakuchanikia hapo hapo siku utakapoinua shoka. Ukienda kuwinda paa, usidhani drafti nyekundu zinatosha: katika msimu wa bunduki Maine hudai mavazi mawili ya rangi ya chungwa kali, ikiwamo kofia.

Kisheria, ukaazi wako wa kudumu haukuzuii kumiliki silaha, ilhali wenzetu walio na viza za muda, kama za masomo au utalii, kwa kawaida wanakatazwa na sheria ya shirikisho. Tangu Oktoba 2015 mtu wa miaka 21 au zaidi hahitaji kibali kubeba kwa kuficha Maine, ila asiye nacho anapaswa kumwambia polisi mara anaposimamishwa. Ukisafiri hadi Massachusetts bila leseni ya huko, ruhusa hiyo haikusaidii kitu. Basi, nunua shati la sufu linalokubana kwa ajili ya kazi, na la pamba lililo pana kwa jioni. Ukiwa kwenye mashine, bastola ibaki nyumbani, ndani ya sanduku lenye kufuli.

SWALI: Mimi ni mkata mbao hapa Mafinga. Mashati ya aina hiyo tunayapata kwenye mitumba, lakini lebo zimeng'olewa. Nitajuaje la sufu? (Msomaji, Mufindi)

JIBU: Chomoa uzi mmoja wa kitambaa kwenye ukingo wa mshono wa ndani, ushike kwa koleo, uuchome. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, hujizima yenyewe, na jivu lake husagika vidoleni. Pamba hunuka kama karatasi na huendelea kuwaka. Polista huyeyuka na kuacha punje ngumu nyeusi. Chagua uzi wa kitambaa cha shati lenyewe, si wa kiraka wala wa kushonea, kwa kuwa uzi wa kushonea mara nyingi ni polista hata katika shati la sufu tupu: uzi unaoutaka ni ule wa kitambaa, unaochungulia ukingoni.