Maswali ya Wasomaji: Charles Goodnight, Ng'ombe Zake na Kanisa la Uzeeni

SWALI: Ndugu Mhariri, katika semina ya wafugaji mhubiri mmoja alitusimulia habari za Mmarekani Charles Goodnight. Alisema kwamba alikuwa mfanyabiashara tajiri akafilisika, akaokoka, ndipo Mungu akambariki kwa ranchi kubwa kuliko zote za Texas. Je, ndivyo ilivyokuwa? – Mfugaji, Monduli.

JIBU: Ndugu yetu, kufilisika kulikuwapo, ranchi ilikuwapo na kanisa lilikuwapo, ila mpangilio wake si huo. Goodnight alizaliwa Illinois mwaka 1836, akahamia Texas angali mtoto, na ng'ombe alizijua kabla ya kuijua benki. Mwaka 1866, yeye na mbia wake Oliver Loving waliswaga ng'ombe kutoka Texas hadi Fort Sumner, New Mexico, ambako jeshi lilihitaji nyama. Kwa safari hiyo alilirekebisha gari la zamani la jeshi likawa jiko la kukokotwa, na wachungaji wa ng'ombe wa Marekani waliuiga mtindo huo kwa miaka mingi.

Mwaka uliofuata Loving alijeruhiwa katika mapambano na Wakomanchi, moja ya makabila ya wenyeji wa asili wa Marekani, akafariki Fort Sumner. Alikuwa ameomba asizikwe ugenini. Goodnight akaja kuufukua mwili wake na kuusafirisha hadi Weatherford, Texas. Nalitaja hili kwa sababu mhubiri wako angeweza kulitumia vizuri zaidi kuliko habari ya utajiri: uaminifu huo ulikuwamo ndani yake miaka sitini kabla hajaandikishwa katika kanisa lolote.

Biashara ndiyo iliyofuata. Baada ya kumwoa Mary Ann Dyer, mwalimu aliyezoeleka kwa jina la Molly, mwaka 1870, alitulia Pueblo, Colorado, akawekeza katika mashamba, majengo na benki, mpaka msukosuko wa fedha wa mwaka 1873 ulipomfagilia karibu kila kitu. Hapo hakukimbilia madhabahuni bali malishoni. Mwaka 1876 aliingiza ng'ombe wapatao 1,600 katika bonde la Palo Duro, kaskazini mwa Texas, na mwaka 1877 akaingia ubia na John Adair, tajiri wa kutoka Ireland, aliyetoa mtaji wakati Goodnight akitoa ujuzi. Ranchi ikaitwa JA, kwa herufi za jina la mwenye fedha. Kufikia mwaka 1885 ilikuwa na ekari zipatazo 1,325,000 na ng'ombe zaidi ya 100,000. Ni kubwa mno, lakini ranchi ya XIT, katika jimbo hilohilo, iliipita.

Tukizungumzia baraka, tusisahau kwamba bonde hilo lilikuwa makao ya Wakomanchi na jamaa zao hadi mwaka 1874, jeshi lilipowavamia na kuwaua farasi wao kwa mamia. Wenyeji hao waliporudi kuwinda mwaka 1878 na kukuta nyati wametoweka, Goodnight alipatana na kiongozi wao, Quanah Parker, awape ng'ombe wawili kila baada ya siku moja, nao wasiliguse kundi lake. Ilikuwa busara ya mfugaji. Sioni sababu ya kuiita huruma tu, wala ya kuikataa huruma iliyokuwamo.

Katika ranchi alipiga marufuku pombe, kamari na ugomvi, na mwaka 1898 yeye na Molly walianzisha chuo katika mji ulioitwa kwa jina lake. Molly ndiye pia aliyemhimiza kuwalea ndama wa nyati waliobakia, na kundi lao likawa miongoni mwa machache yaliyoinusuru mbegu ile. Hata hivyo, mzee mwenyewe aliendelea kuwa nje ya kanisa. Baada ya kujitoa katika ubia wa JA alijaribu tena biashara, safari hii machimbo ya madini huko Mexico, akapoteza fedha nyingi.

Molly alifariki mwaka 1926, na Goodnight akaugua sana. Aliyemuuguza ni Corinne Goodnight, msichana wa miaka 26 ambaye hawakuwa na udugu wowote. Walikuwa wameanza kuandikiana barua kwa sababu tu ya kushirikiana jina. Walifunga ndoa tarehe 5 Machi 1927, siku mzee alipotimiza miaka 91. Ni katika miaka hiyo ya mwisho, ranchi ikiwa imeshauzwa, ndipo alipojiunga na kanisa. Kwa hiyo, ndugu yetu, imani yake haikumletea ng'ombe hata mmoja.

Alifariki Phoenix, Arizona, tarehe 12 Desemba 1929, akazikwa kando ya Molly katika mji wa Goodnight. Wageni wanaolizuru kaburi lake hufunga vitambaa vya shingoni kwenye uzio wake.