Lehemu hufuata joto: kwa wanaoanza kuunda kidhibiti cha taa za LED

Karibu kila anayeshika chuma cha kulehemu kwa mara ya kwanza hufanya jambo lilelile: huyeyusha lehemu kwenye ncha, akaibeba hadi kwenye bodi na kuipaka juu ya mguu wa rezista (kijenzi cha kuzuia mkondo wa umeme) kama anayepaka gundi. Kwa macho imeshika. Siku ya pili ukiigusa bodi taa inawaka, ukiiachia inazimika.

Nimesaidia wanaoanza kwa muda sasa, na kama ningepewa nafasi ya kuwafundisha jambo moja tu, ningechagua hili: pasha moto vile viwili unavyoviunga, kisha lehemu itajiendea yenyewe. Ncha iguse mguu na kijiduara cha shaba kilicho kwenye bodi kwa wakati mmoja. Hesabu sekunde mbili hivi, ndipo upeleke waya wa lehemu upande wa pili, pale palipopata moto. Ikitiririka na kuuzunguka mguu, ondoa waya kwanza, halafu chuma, na usiitikise bodi mpaka igande.

Kagua umbo. Kiungo kizuri ni kama kilima kidogo chenye miteremko iliyobonyea, kutoka ukingo wa shaba hadi mguuni. Kikiwa kimevimba kama goroli, lehemu imekaa juu tu. Mng'ao usikudanganye: lehemu isiyo na risasi huweza kufifia rangi hata kiungo kikiwa kizima.

Halafu kuna woga wa joto. Lehemu ya bati asilimia 63 na risasi 37 huyeyuka kwa nyuzi 183 za Selsiasi, na zile za kawaida zisizo na risasi huyeyuka karibu na 217. Mwanafunzi akisikia hivyo huweka chuma nyuzi 220 ili asiunguze kitu. Matokeo yake anakaa kwenye mguu mmoja sekunde kumi, na joto linapanda hadi ndani ya LED. Mimi huanzia 350, naingia na kutoka haraka. Ncha ikiwa nyeusi haipitishi joto vizuri hata ukiongeza nyuzi. Isafishe kwa sifongo yenye unyevu au nyuzi za shaba nyeupe, kisha iveshe lehemu kidogo, na uiache imevaa hivyo unapozima chuma.

Moshi unaouona unatokana na flaksi, dawa iliyo ndani ya waya wa lehemu inayosaidia lehemu kushika. Unakera mapafu, kwa hiyo weka feni iuvute mbali nawe. Risasi yenyewe huingia zaidi kwa njia ya mikono na mdomo: nawa kwa sabuni kabla ya kula.

Anza na vijenzi vifupi, yaani rezista na soketi ya chipu, kisha virefu. Chipu yenyewe iingie mwisho. Mguu mrefu wa LED ni chanya. Kapasita (kijenzi cha kuhifadhi umeme kwa muda) yenye mstari ubavuni, upande huo ni hasi, na ukiigeuza inaweza kupasuka, basi tazama mara mbili.

Kuna mwanafunzi ambaye utepe wake wa taa ulikuwa ukimetameta ovyo. Alibadilisha programu kwa saa mbili nzima. Nilipobonyeza waya wa hasi kwa kidole, taa zilitulia: kiungo kile kilikuwa baridi, yaani lehemu haikushika kwa kukosa joto. Tangu hapo sikubali mtu afungue programu kabla ya kupima bodi kwa maltimita, kile kipimo cha umeme, ikiwa kwenye hali ya kulia pale njia inapoungana. Kati ya chanya na hasi isilie. Kati ya ncha mbili za njia moja ilie. Baada ya hapo washa taa moja, rangi moja, mwanga mdogo.

Kwa utepe wa WS2812B, yaani ule wa taa za rangi zinazoamriwa moja moja kwa data, piga hesabu ya umeme mapema. Kila taa ikiwa nyeupe kwa mwanga wote huweza kula takriban miliampea 60, kwa hiyo taa 60 ni ampea 3.6. Mlango wa USB wa kompyuta hauwezi mzigo huo. Tumia pawa ya volti 5 ya pembeni, na uunge hasi yake na hasi ya kidhibiti, la sivyo data haitaeleweka. Weka rezista ya omu 330 hadi 470 kwenye njia ya data na kapasita ya mikrofaradi 1000 kwenye pawa. Mshale kwenye utepe uelekee mbali na kidhibiti. Kidhibiti chako kikitoa data kwa volti 3.3 na utepe upo kwenye 5, huenda usikubali au ukakubali kwa kubahatisha, maana unataka walau 3.5, chipu ya kupandisha volti hutatua hilo.

Na ukiomba nyekundu ukapata kijani, acha chuma mahali pake. Taa hizi hupokea kijani kwanza, kisha nyekundu, kisha bluu. Mpangilio huo unarekebishwa kwenye programu.