Jibu: Kuzunguka si kutojua kuandika

Dada, umeuliza kwa nini mhadhiri wako ameandika "unazunguka mno" kwenye insha yako ya Kiingereza, na kama kweli hujui kuandika. Mie nimesomesha skuli hapa Chake Chake miaka mingi, nakwambia hapana.

Sisi tumefunzwa tusilivamie neno. Ukenda kuposa, ukenda kukopa, huanzi na haja. Unaanza na salamu, watoto, wazee, mvua. Barua za wazee wetu, za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, zilijaa dua na salamu kabla ya kufika "ama baada ya salamu", na hapo ndipo habari inapoanza. Na kanga? Aliyekasirika humvalia mwenziwe kanga yenye jina, yaani msemo ulioandikwa juu yake, asitamke kitu. Msomaji wetu anaachiwa afumbue mwenyewe. Msomaji wa insha ya Kiingereza anataka afumbuliwe, tena aya ya kwanza.

Mwaka 1966 Mmarekani Robert Kaplan, mtaalamu wa lugha, alizichora tofauti hizi kwa mistari: Kiingereza kimenyooka, lugha nyengine zinazunguka au kukata kona. Wengi wamempinga, na mie naona alirahisisha mno, maana mtu mmoja anaweza kuimudu mitindo miwili.

Basi andika rasimu kama inavyokujia. Kisha itafute sentensi iliyobeba haja yako (naamini iko mwisho) uipandishe juu, na aya nyengine zipange ziifuate. Ukimwandikia bibi yako, iache palepale chini.